Mtu aliyezikwa akaonekana mlangoni: picha moja ya Vienna na namna ilivyotengenezwa

Kuna picha nyeusi na nyeupe ambayo huibuka kila watu wanapozungumzia sinema za zamani. Mwanamume amesimama ndani ya mlango mkubwa wa mawe, kofia nyeusi kichwani, koti jeusi zito mwilini. Giza limemmeza kuanzia mabegani kwenda chini. Uso peke yake ndio uliopata mwanga, na usoni mna tabasamu la mtu aliyefumwa akifanya jambo baya na wala hajali. Ni Harry Lime, aliyeigizwa na Orson Welles katika The Third Man, filamu ya Uingereza iliyotoka mwaka 1949 chini ya mwongozaji Carol Reed.

Karibu kila anayeisambaza huiita "kipande cha filamu". Inaweza kuwa kweli, na inaweza isiwe kweli hata kidogo. Jina hilo moja linabeba vitu viwili vilivyotengenezwa kwa kamera tofauti, na watu tofauti, kwa makusudi tofauti. Nimeona wachambuzi wazuri wakieleza ustadi wa mpigapicha wa filamu kwa kutumia picha ambayo yeye hakuipiga. Kwa hiyo tuanzie hapo, kisha turudi mlangoni tuone mwanga ule ulitoka wapi.

Kitu cha kwanza ni fremu, yaani picha moja kati ya zile nyingi zilizopangwa kwenye ukanda wa filamu. Ukanda wa filamu wa milimita 35 hupita ndani ya kamera fremu 24 kwa kila sekunde. Kila fremu ina upana wa milimita 22 hivi na kimo cha milimita 16. Mwanga huigusa kwa takriban sehemu moja ya hamsini ya sekunde, basi mwigizaji akigeuza kichwa, kichwa kinaacha ukungu. Ukumbini ukungu huo hauonekani, kwa sababu fremu inayofuata imeshaingia, na kwa kweli ndio unaofanya mwendo uonekane laini. Lakini ukiisimamisha fremu hiyo na kuikuza iwe ukubwa wa karatasi, utaona chembechembe za filamu zimetapakaa na kingo za vitu zimelegea. Gazeti la mwaka 1949 lisingeweza kuichapa vizuri.

Ndiyo maana kulikuwa na kitu cha pili, picha mnato. Kampuni za filamu ziliajiri mpigapicha wa pekee ambaye kazi yake haikuwa kupiga filamu. Alikuwa na kamera yake, mara nyingi kubwa, yenye kutumia negativu (filamu ambayo picha ya karatasi huchapwa kutoka kwake) za inchi 4 kwa 5 au hata 8 kwa 10. Negativu ya inchi 4 kwa 5 ina eneo kubwa zaidi ya mara 30 kuliko fremu ya filamu. Hapo ndipo unapotoka ule ung'avu unaokuonyesha nyuzi za koti na kila unywele wa nyusi.

Mtu huyu hakuruhusiwa kufyatua kamera yake wakati tukio linarekodiwa, kwa kuwa mlio wake ungeingia kwenye maikrofoni. Alisubiri. Mwongozaji akishasema "kata", naye akiwa ameridhika, ndipo mpigapicha mnato alipopewa dakika zake. Waigizaji walirudi mahali pao, wakashika mikao yao, wakatulia. Taa zilikuwa zilezile zilizowekwa kwa ajili ya filamu, ila pengine moja ilisogezwa au kuongezwa. Kamera yake haikukaa palepale ilipokaa kamera ya filamu, ilikuwa kandokando, juu kidogo au chini kidogo. Unachokiona katika picha ya aina hii ni tukio lililoigizwa upya kwa ajili ya karatasi. Halimo ndani ya filamu. Ukiitazama filamu nzima fremu kwa fremu, hutalipata.

Sasa twende kwenye hadithi yenyewe. Nitafichua siri yake, kwa sababu bila siri hiyo picha haielezeki.

Vienna baada ya Vita Kuu ya Pili ilikuwa imegawanywa kanda nne, chini ya Marekani, Uingereza, Ufaransa na Umoja wa Kisovieti, huku kitovu cha mji kikitawaliwa na wote wanne kwa pamoja. Hali hiyo ilidumu hadi 1955. Majengo yalikuwa yamebomolewa na mabomu, chakula kilikuwa haba, dawa ilikuwa haba zaidi, na ulanguzi ulistawi. Mwandishi Graham Greene alipelekwa huko na mtayarishaji Alexander Korda ili atafute hadithi, akarudi na mambo mawili aliyoyasikia mjini: biashara ya penisilini ya magendo, na mfumo mkubwa wa mitaro ya majitaka unaopita chini ya kanda zote nne bila kizuizi.

Katika filamu, Holly Martins, Mmarekani anayeandika riwaya za bei nafuu za wachunga ng'ombe, anafika Vienna kwa sababu rafiki yake Harry Lime amemwahidi kazi. Anaambiwa Harry amegongwa na gari, amekufa, na anazikwa siku hiyohiyo. Anawahi makaburini. Baadaye anasikia kwamba watu waliobeba maiti walikuwa watatu, ilhali wanaojulikana ni wawili. Anaanza kumsaka huyo wa tatu. Wakati huohuo ofisa wa Uingereza, Meja Calloway, anamwonyesha kwamba rafiki yake alikuwa akiuza penisilini iliyoibwa hospitalini na kuchanganywa ili iongezeke, na watoto waliotibiwa kwa dawa hiyo walikufa au wakapata madhara yasiyoponyeka.

Muda wote huo Harry Lime ni jina tu. Watu wanamtaja, wanamlilia, wanamlaani. Zaidi ya saa moja inapita hivyo. Kisha Martins, amelewa, anatoka nyumbani kwa Anna, mpenzi wa Harry, usiku. Anahisi kuna mtu anamvizia mlangoni ng'ambo ya barabara. Anapiga kelele amtoe. Mwanamke wa ghorofani anakereka, anawasha taa, anafungua dirisha amkemee. Mwanga unashuka barabarani na kumwangukia aliyejificha. Ni marehemu.

Mlango huo ni wa kweli. Uko Schreyvogelgasse namba 8, mtaa mfupi katikati ya Vienna, na watu bado huenda kusimama hapo wapigwe picha.

Ninaona ustadi mkubwa wa tukio hili uko katika mpangilio wa taarifa kabla hata ya mwanga. Dakika chache nyuma, ndani ya nyumba ya Anna, Martins anajaribu kucheza na paka. Paka hamtaki. Anna anasema paka huyo alimpenda Harry tu. Paka anatoka dirishani. Tunamwona tena chini barabarani, anaingia kwenye giza la mlango, na anajisugua kwenye kiatu cha mtu tusiyemwona. Mtazamaji makini ameshajua kabla Martins hajajua. Kwa hiyo mwanga unapowaka, unathibitisha shaka ambayo tayari imepandwa, na furaha ya kuthibitishiwa shaka ni kubwa kuliko furaha ya kushtushwa tu. Picha mnato ya uso haina lolote kati ya haya. Haina paka wa chumbani, haina sentensi ya Anna, haina ile saa nzima ya kumsubiri. Ina tabasamu pekee, nalo linatosha kumfanya mtu ambaye hajaiona filamu aulize: huyu ni nani, na anacheka nini?

Mwanga sasa. Mpigapicha mkuu wa filamu alikuwa Robert Krasker, ambaye alishafanya kazi na Reed katika Odd Man Out ya 1947. Kazi yake ya Vienna ilimpatia tuzo ya Oscar ya upigaji picha wa filamu nyeusi na nyeupe. Hakuwa peke yake. Ratiba ilikuwa ngumu kiasi kwamba Reed aligawa vikosi vitatu: cha usiku, cha mchana, na cha mitaro ya majitaka. Krasker alishika usiku, na mlango ule ni kazi ya usiku.

Katika filamu ya rangi, koti la bluu linajitenga lenyewe na ukuta wa kahawia. Katika filamu nyeusi na nyeupe rangi hizo mbili zinaweza kutoka kijivu kilekile kabisa, na mtu akapotelea ukutani. Mpigapicha analazimika kutenganisha vitu kwa mwanga: hiki kiwe cheupe, kile kiwe cheusi, kingo hii ing'ae. Krasker alifanya kinyume kwa makusudi. Alimwacha Lime mwenye koti jeusi apotelee kwenye uwazi mweusi, akaliacha jiwe la mlango, ambalo ni jepesi kwa rangi, lichore umbo la mlango kuzunguka giza lile. Jicho linaona mlango, linaona giza ndani yake, na linashindwa kujua giza linaishia wapi na mtu anaanzia wapi. Mwanga ukianguka usoni, uso unaelea bila mwili.

Barabara nayo imeshughulikiwa. Ukiangalia mandhari za usiku za filamu hii utaona mawe ya barabarani yanang'aa kana kwamba mvua imekatika sasa hivi. Yalimwagiwa maji kwa makusudi. Jiwe kavu hutawanya mwanga huku na huko na kutoka kijivu cha kuchosha. Jiwe lililolowa huurudisha mwanga kuelekea kamera, hasa taa ikiwa imewekwa nyuma, mbali, ikielekea kwetu. Ukanda wa filamu wa miaka ile ulihitaji mwanga mwingi sana ili kushika chochote, hivyo mtaa mzima wa Vienna uliwekewa mataa makubwa usiku, na maji yalisaidia kila taa ifanye kazi ya taa kadhaa.

Halafu kuna uongo mmoja mzuri ambao ningependa kila mtu autambue. Katika hadithi, mwanga unatoka chumba cha mwanamke mmoja, ng'ambo ya barabara, ghorofani. Hakuna taa ya chumbani inayoweza kuvuka barabara na kumpiga mtu usoni kwa ukali kiasi kile, tena kwa kingo zilizokatwa wazi vile, huku ukiacha koti gizani. Ule ni mwanga wa taa ya sinema iliyoelekezwa na kubanwa kwa ufundi. Hatuhoji, kwa sababu tumesikia dirisha likifunguliwa na tumesikia sauti ya kukemea, na masikio yameshayaridhisha macho. Katika picha mnato sauti haipo, na hapo ndipo unaweza kuukagua mwanga kwa utulivu na kuona kwamba hauna chanzo kinachoaminika. Nashauri uifanye kazi hiyo: chukua picha, tafuta upande wa uso uliong'aa, tafuta kivuli cha ukingo wa kofia, kisha jiulize taa iko juu kiasi gani. Utajifunza mengi ya taa kwa njia hiyo.

Jambo jingine linaloonekana katika picha nyingi za filamu hii ni kuinama. Reed na Krasker waliilaza kamera upande, nguzo zikaegemea, ngazi zikapinda, nyuso zikawa kama zinateleza. Mbinu hiyo ilikuwepo tangu zamani, na wengi huihusisha na sinema za Ujerumani za miaka ya 1920. Hapa imetumika kwa wingi hadi mwongozaji mwenzake, William Wyler, alimpelekea Reed pimamaji, kile kifaa cha fundi cha kupimia usawa, akimwambia safari ijayo aiweke juu ya kamera. Mimi naona kuinama huko kunastahili. Martins hajui Kijerumani, hajui nani anamdanganya, na mji wenyewe umevunjika. Mlangoni, hata hivyo, uso wa Lime ndio unaovuta kila kitu, na kuinama kunahisiwa zaidi ya kuonekana.

Tuje kwenye swali la biashara, maana picha mnato ni chombo cha biashara kabla ya kuwa sanaa. Picha hizi zilichapwa kwa wingi kwenye karatasi za inchi 8 kwa 10, zikapewa namba za msimbo, zikabandikwa maelezo nyuma, zikagawiwa magazetini na kuwekwa kwenye mbao za kumbi za sinema ili mpita njia avutike anunue tiketi. Sasa fikiria shida ya msambazaji wa filamu hii. Picha kali kuliko zote aliyonayo ni ya mtu ambaye hadithi inasema amekufa. Akiitundika nje ya ukumbi, anaiuza siri. Akiificha, anaificha sura ya nyota wake mkubwa.

Na nyota huyo alikuwa ameshatangazwa. Jina la Orson Welles lilikuwa kwenye mabango na kwenye majina ya mwanzo wa filamu, pamoja na Joseph Cotten, Alida Valli na Trevor Howard. Mtazamaji wa 1949 aliketi akijua kwamba Welles yumo, na dakika zikapita bila kumwona. Swali "Welles yuko wapi?" likaungana na swali "mtu wa tatu ni nani?" mpaka yakawa swali moja. Kwa hiyo siri ilikuwa imevuja nusu tangu mwanzo, na filamu ikautumia uvujaji huo kama mafuta. Nadhani ndiyo sababu tabasamu lile halichakai hata leo ambapo kila mtu ameliona kabla ya kuiona filamu. Lime anacheka kama anayejua kwamba tulikuwa tukimsubiri.

Lakini usiichukulie picha ya filamu kama ushahidi wa kilichotokea. Welles alichelewa kufika Vienna na hakukaa sana, na Reed alilazimika kupiga matukio mengi kwa watu wa kumwakilisha. Guy Hamilton, aliyekuwa msaidizi wa mwongozaji na baadaye akaongoza filamu kubwa mwenyewe, alisimulia kwamba kivuli kikubwa kinachokimbia ukutani ni chake, amevaa koti na kofia ya Lime. Sehemu kubwa ya mitaro ya majitaka ilijengwa upya katika studio za Shepperton, Uingereza. Vidole vinavyopenya kwenye kizuizi cha chuma cha mtaro mwishoni mwa filamu, vikitapatapa hewani, ni vya Carol Reed. Picha ya vidole hivyo huchapwa vitabuni kama picha ya Orson Welles, na humo hakuna hata ukucha wake.

Sasa, nani anamiliki picha hii? Hapa ndipo watu wengi huchanganyikiwa, na haki yao, kwa sababu filamu na picha mnato ni kazi mbili mbele ya sheria. Nchini Marekani, zamani kazi iliyochapishwa ilihitaji tangazo la hakimiliki juu yake, na baada ya miaka 28 ilibidi kuandikishwa upya. Picha nyingi mno za matangazo zilisambazwa bila tangazo lolote, ndiyo maana utasikia mtu akisema "picha za filamu za zamani ni mali ya umma". Usemi huo una ukweli kwa picha nyingi za studio za Marekani. The Third Man ni ya Uingereza. Filamu yenyewe iliwahi kuangukia mikononi mwa umma huko Marekani kwa kutokuandikishwa upya, kisha mwaka 1996 sheria iliyotokana na mapatano ya biashara ya kimataifa ikazirudishia ulinzi kazi za kigeni za aina hiyo. Mahakama ya Juu ya Marekani ikaithibitisha sheria hiyo mwaka 2012. Aliyekuwa akiuza nakala kwa uhuru alijikuta anahitaji ruhusa.

Kwa picha mnato kuna fundo la ziada. Sheria ya Uingereza ya sasa kwa kawaida huhesabu ulinzi wa picha hadi miaka 70 baada ya kifo cha aliyeipiga. Ili kuhesabu, lazima umjue. Nao wapigapicha mnato ndio waliosahauliwa kuliko wote: kampuni ilichukua negativu, ikaandika jina la filamu na la waigizaji, na jina la aliyebonyeza kamera mara nyingi halikuandikwa popote. Mtu amesimama usiku wa baridi ya Vienna, amesubiri kila mtu amalize, ameshika sura iliyodumu kwa zaidi ya miaka 70, na leo hata wanaotaka kumlipa au kumtaja wanapata shida kumpata. Hilo linaniuma kila ninapoona picha ya aina hii imeandikwa chini "kwa hisani ya" kampuni fulani.

Ukitaka kujua nakala uliyonayo ni ya aina gani, anza na vipimo vyake. Fremu ya filamu za wakati ule ni pana kidogo kuliko karatasi ya inchi 8 kwa 10, kwa hiyo picha ambayo haijakatwa na ina uwiano wa 4 kwa 5 huenda ni picha mnato. Tazama nywele na kitambaa: vikisomeka vizuri hata ukikuza, negativu ilikuwa kubwa. Tazama mikono, maana mkono wenye ukungu wa mwendo huelekeza kwenye fremu. Kisha fungua filamu kwenye tukio hilohilo, isimamishe, na ulinganishe umbali kati ya ukingo wa kofia na jiwe la mlango. Kamera mbili haziwezi kukaa mahali pamoja, na tofauti ya sentimita chache itajionyesha hapo. Ukiwa na karatasi yenyewe ya zamani mkononi, igeuze kwanza usome mhuri na namba zilizo nyuma, kwa sababu kama jina la mpigapicha liliwahi kuandikwa, liliandikwa huko.